Vigari Vilivyoagizwa Bila Viti

Karakana yetu iko Kisauni, Mombasa, ndani kidogo ya barabara ya Malindi. Ukitoka Bombolulu kuelekea Mishomoroni, utasikia msumeno wa chuma kabla hujaliona paa. Tunatengeneza vigari vya magurudumu matatu kwa watu wasioweza kutembea. Zamani vyote vilikuwa vya kuzungusha kwa mikono, siku hizi vingi ni vya umeme. Mimi niliingia hapo nilipomaliza kidato cha nne, nikaanza kwa kushona viti, kisha nikapandishwa ofisini. Natembea kwa magongo mawili, polio ilinipitia nikiwa mdogo sijajua hata kusema, kwa hivyo sikuwahi kuona ajabu kufanya kazi mahali ambapo mwenye miguu miwili mizima ndiye mgeni.

Siku kigari cha kwanza cha umeme kilipokamilika, aliyekijaribu alikuwa Ami. Si ami yangu wa damu. Ni mkuu wa wachomeleaji, mzee wa ukoo wa zamani wa Mvita, ambaye sukari ilimpotezea mguu mmoja chini ya goti, na karakana nzima humwita hivyo. Fundi wetu wa umeme, mtu wa bara mwenye maneno mengi ya Nairobi, alimwonyesha pa kubana ili kiende na pa kushika ili kisimame. Ami alisikiliza nusu. Akatoka langoni kama mtu anayewahi swala, akapotea upande wa Mishomoroni, sisi tukabaki kutazamana. Fundi wa umeme akawa anahesabu kwa sauti vitu vinavyoweza kuharibika.

Saa nzima ikapita. Ami akarudi, kofia imegeukia kisogoni, mapajani ana bakuli la viazi vya karai na ukwaju wake.

"Nimekwenda kumwamkua dadangu," akasema. "Mwaka mzima hatujaonana. Kile kilima cha kwao kilinishinda. Leo nimekipanda nikiimba."

Akatugawia viazi. Nikala huku machozi yananitoka, na pilipili haikuwa nyingi.

Hizo mota hatuzitengenezi sisi. Kila moja imefichwa ndani ya gurudumu lake, na huja kutoka kiwanda cha ng'ambo pamoja na betri na kisanduku chake cha kuiongoza. Kabla ya kiwanda hicho kukubali kutuuzia, kilituletea hati ya kurasa nne. Ilisema vitu hivyo ni bidhaa za matumizi mawili, maana yake vinamfaa raia na vinafaa vitani pia. Ilisema siku hizi, vita vikiwa vinaendelea huku na huku, kila mtengenezaji anayevitumia anabeba wajibu wake mwenyewe: amjue mnunuzi, ajue nani hasa atakayekitumia chombo, asimuuzie anayetaka kukigeuza silaha, na akiingiwa na shaka asimamishe na atoe habari. Chini paliachwa nafasi ya sahihi ya anayeshughulikia mauzo ya nje. Huyo alikuwa mimi, ijapokuwa mpaka siku hiyo tulikuwa hatujauza nje hata msumari.

Nilicheka. Nikaipeleka kwa madam, mwenye karakana, muuguzi mstaafu kutoka bara aliyeanza kazi hii kwenye baraza ya nyumba yake.

"Vita gani hivyo vya kupigana kwa vigari vyetu?" nikamwambia. "Adui atakufa kwa kucheka."

Madam hakucheka. "Umeisoma yote?"

"Nimeisoma."

"Basi isome tena, halafu ndiyo utie sahihi. Jina litakalokuwa pale ni lako, si langu."

Nikaisoma tena. Na kwa kuwa bado sikuamini, nikamwuliza fundi wa umeme. Alifuta mikono, akatoa simu, akanionyesha video fupi ya vita vya mbali. Kigari kifupi, hakina dereva, kinakimbia kwenye matope kikiwa kimebeba kitu kilichofunikwa. Kinaongozwa kwa rimoti. Kikaingia kwenye nyumba iliyobomoka, na fundi akaizima video kabla ya mwisho.

"Umeona magurudumu?" akaniuliza. "Mota yake na hii yetu ni ndugu. Si story, ni ukweli."

Nilitia sahihi bila kucheka. Kisha nikaiweka hati kwenye faili, na miezi ikaenda.

Mnunuzi alikuja kwa simu. Alikuwa na sauti tamu, Kiswahili chake safi, salamu zake ndefu. Aliuliza hali yangu, ya nyumbani, ya kazi, akafika mpaka kwenye joto la Mombasa. Akasema anawakilisha watu wa huruma wanaosaidia waliopoteza miguu kwenye vita vya nchi yao, huko bara ng'ambo ya mipaka miwili. Anataka vigari sitini vya umeme. Akanitajia hospitali moja ya huko, akasema ndiyo itakayovipokea.

Nilipotoka ofisini kutangaza, karakana ililipuka kwa vigelegele. Washona viti walipiga makopo. Ami alizima moto wake wa kuchomelea, jambo ambalo hafanyi kwa kitu kidogo, akatuma kahawa na kashata kwa wote. Vigari vyetu havikuwa vimewahi kutoka nje ya Kenya. Watu sitini! Nilikwenda nyumbani nikiwawaza mmoja mmoja, kila mtu na kilima chake.

Siku ya tatu ukaja ujumbe wa marekebisho. Nikausoma kwa sauti wakati wa chai, kwa sababu maagizo yote tunasomeana hapo hapo.

"Viti msiweke. Usukani pia usiwepo. Juu muweke sahani bapa ya chuma, nene. Nyaya za kuongozea ziwe ndefu, ziishie kwenye plagi, vifaa vya kuongozea tutafunga wenyewe. Rangi iwe ya udongo."

Ami aliweka kikombe chini.

"Kiti kitolewe?"

"Ndivyo alivyoandika, Ami."

"Sasa nami nauliza. Huyo kiwete yuwaketi wapi?"

Neno hilo mtu wa nje hathubutu kulitamka kwetu, lakini sisi kwa sisi twalitumia na kwa kawaida huleta kicheko. Mara hii halikuleta. Fundi wa umeme alinitazama, nami nikamtazama, na nikajua sote wawili tumeikumbuka ile nyumba iliyobomoka.

Madam alikuwa wa kwanza kutafuta njia nzuri ya kulielewa, na simlaumu. Ndiye aliyekuwa amekwisha kuagiza mabomba ya chuma ya kuundia fremu. "Labda ni machela," akasema. "Wanataka kumlaza mgonjwa. Muulize kwanza. Usimhukumu mtu kwa sahani ya chuma."

Nikampigia. Nilijiandaa tangu alfajiri, nimeandika maswali kwenye daftari. Salamu zikaenda vizuri kama kawaida. Nikamwambia, "Ndugu yangu, sisi hatutengenezi kigari kimoja kwa watu wote. Tunapima. Urefu wa mkono, upana wa nyonga, mguu uliobaki ni upi. Naomba vipimo vya watu wako, hata vya kumi wa kwanza."

"Watu wetu wote wako sawa, dada."

"Wote sitini?"

"Wote. Tengenezeni tu."

Nikamwuliza kama ni machela za kulaza wagonjwa. "Ndiyo, ndiyo, machela," akasema, haraka mno, kama mtu uliyemkumbusha jina alilolisahau. Nikamwuliza usukani umetolewa, sasa anayeiongoza hiyo machela atakaa wapi. Hapo sauti tamu ikaanza kuchacha. Akasema watengenezaji wengine hawaulizi. Akasema kama hati za nchi yao zinanisumbua, anaweza kutupa jina la kampuni nyingine ya nchi nyingine, mzigo uandikwe unakwenda huko, na kwenye hati tuite vipuri vya baiskeli. Alilisema hilo kwa upole, kana kwamba ananipunguzia kazi.

Nilikata simu.

Siku hiyo hiyo tulifanya mambo mawili. La kwanza, madam alitafuta anwani ya ile hospitali. Wauguzi wana undugu wao. Kwa mtu aliyesoma na mtu aliyefanya kazi na mtu, jioni haijaingia alikuwa ameipata, nami nikaandika barua: je, mnamfahamu mnunuzi huyu, na je, mnangojea vigari sitini?

La pili, nikaenda Changamwe. Kuna yadi ya makontena huko ambako mizigo ya nje hukaguliwa, na afisa mmoja wa forodha, mama wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia, aliwahi kunisaidia tulipokuwa tunaingiza mota. Niliketi mbele yake na hati ya kurasa nne, michoro yetu na ule ujumbe wa marekebisho. Alisoma polepole, akanyanyua miwani.

"Ungeniletea sanduku limeandikwa vipuri vya baiskeli," akasema, "ningelifungua, ningeona magurudumu. Ningekuaga kwa heri. Mimi naona sanduku na karatasi, mwanangu. Anayejua hicho chombo kinaweza kufanya nini ni nyinyi mliokichomelea. Ndiyo maana wajibu unaanza kwenu, hauanzi kwangu."

"Na nikikataa kuuza, nikawa nimemdhulumu mtu mwema?"

"Mtu mwema ukimwuliza swali atakujibu. Pengine atakushukuru. Niachie nakala ya hizi, nitazipeleka panapohusika. Na agizo hilo lisimamishe leo, usingoje kesho."

Nilitoka hapo nikiwa mwepesi, sijui kwa nini. Nilidhani nitatoka na huzuni. Nikanunua madafu mawili nikayanywa yote peke yangu nimesimama.

Nilimwandikia mnunuzi mistari mitatu. Hatutatengeneza. Hatuwezi kuuza bila kumjua atakayekitumia chombo. Kwa heri. Alipiga simu mara mbili, sikupokea, na hakupiga tena. Kwa kiwanda cha mota nikaandika habari kamili, kama nilivyoahidi kwa sahihi yangu.

Asubuhi yake madam aliita watu wote. Aliwaambia ukweli mtupu, kwamba agizo halipo na kwa nini halipo, na akasema kama kuna anayeona tumekosea aseme. Mmoja wa washona viti, ambaye alikuwa amefurahi kuliko wote, alinyanyua mkono. Nikajikaza.

"Mimi nashona viti," akasema. "Agizo lisilo na viti hata halikuwa langu."

Karakana nzima ikacheka, na kicheko hicho nilikihitaji wallahi.

Siku chache baadaye hospitali ikajibu. Barua iliandikwa na muuguzi mkuu wa wodi ya majeruhi. Mnunuzi huyo hawamjui, wala hawakuagiza kitu. Jina lao limetumiwa bila idhini, na wanashukuru kuambiwa. Nilitegemea barua iishie hapo. Haikuishia. "Lakini ni kweli," akaandika, "kwamba mnatengeneza vigari vya namna hiyo? Tunao watu hapa." Alitaja shirika la kidini la kwao lililokuwa tayari kugharimia, akanipa nambari za watu wawili wa kuwauliza habari zake, kabla sijamwomba. Niliwauliza wote wawili. Wakajibu siku hiyo hiyo.

Kisha vikaja vipimo. Jamani, vipimo! Kurasa juu ya kurasa, mwandiko wa mkono uliopigwa picha. Watu ishirini na watatu, kila mmoja na ukurasa wake. Urefu wa mkono wa kulia, wa kushoto, na uzito. Huyu kapoteza mguu wa kushoto juu ya goti. Huyu yote miwili. Pembeni mwa kila ukurasa muuguzi aliandika vineno: huyu ni fundi cherehani, anataka pa kuweka kitambaa. Huyu ni mwalimu, barabara ya shule yake ina mawe. Huyu mama anauza samaki wakavu sokoni, anaomba kikapu mbele, na anasema kigari kiwe chekundu ama asiletewe kabisa.

Ami alizibandika kurasa zote ukutani, akazisoma kila siku kabla ya kuwasha moto. "Huyu wa mawe nimtilie chuma mara mbili," alikuwa akisema. Hakuna aliyemwambia amalize haraka.

Lakini mimi na fundi wa umeme tulikuwa na neno moja bado. Vita vilikuwa vinaendelea huko, na kigari kinaweza kuibwa njiani hata kama mwenyewe ni mwema. Wajibu ule, nilimwambia, sidhani unaishia langoni petu. Akakaa siku mbili na mbao na nyaya, akazungumza peke yake kwa lugha ya kwao, kisha akatuita.

"Chini ya kiti nimeweka swichi," akasema. "Mtu akikaa, mota inafanya. Akiinuka, inazima. Kiti kikitolewa, hakuna kitu. Na waya zake nimezipitisha ndani ya bomba, zikamwagiwa gundi ngumu. Mtu anaweza kuibomoa, sikatai. Lakini atasumbuka, na akimaliza atakuwa ameharibu nusu."

Tulikijaribu kigari siku ile ile kwenye ua. Ami akakaa, kikaenda. Madam akakaa, kikaenda kwa heshima. Ikaja zamu ya yule mshona viti, ambaye ni mwembamba kama uzi wake. Akakaa, akabana, kimya. Akaruka ruka kidogo, kikashtuka hatua moja, kikazima.

"Chanikataa!" akapiga kelele. "Chasema hapa hapana mtu!"

Tulimwekea mfuko wa unga wa kilo mbili mapajani. Kikaondoka naye akiukumbatia mfuko kama mtoto, akazunguka ua mara tatu, hataki kushuka. Fundi wa umeme alicheka mpaka akaketi chini. Kisha akakimbilia kwenye kurasa za ukutani kuangalia nani mwepesi kati ya wale ishirini na watatu, akarekebisha swichi ya kila mmoja kwa uzito wake.

Kila fremu tuliipiga nambari, na kila nambari nikaiandika mkabala na jina la mtu. Hospitali ilitia sahihi kwamba watavikabidhi kwa mikono yao na watatuambia kila kimoja kiko kwa nani. Nilipopeleka mzigo na makaratasi Changamwe, afisa wa forodha alivaa miwani yake, akapitia michoro, vipimo, barua, majina. Akafika kwenye ukurasa wa mwuza samaki, akatabasamu. "Na hicho chekundu chake kiko wapi?" Nikamwonyesha kwenye sanduku. Aliinama akakiona, akagonga muhuri.

Lori liliondoka na mzigo wetu siku ya Jumatatu. Sikuweza kufanya kazi ya maana wiki hiyo. Nilikuwa mtu wa kuangalia simu.

Kwa bahati, watu wa hospitali walipopiga ilikuwa wakati wa chai na watu wote wapo. Ilikuwa simu ya video. Nikaiegemeza kwenye kopo la rangi, tukajibana mbele yake, magongo na vigari na vichwa. Tukauona ua mpana wa hospitali, udongo mwekundu, na vigari vyetu vinakwenda huku na huku kama kuku waliofunguliwa asubuhi. Watu walikuwa wanagongana makusudi. Mwalimu mmoja mzee alikuwa akizunguka mti kwa uzito mkubwa, hamtazami mtu, kidevu juu. Muuguzi mkuu alijaribu kutoa hotuba, ikamshinda, akageuza simu.

Akaja mama mmoja mnene kwenye kigari chekundu, kikapu mbele, kitenge kipya kichwani. Kiswahili chake hakikuwa kama chetu, lakini kila neno tulilishika.

"Ni nani aliifanya hii kinga?" akauliza, yaani kigari.

Sote tukamsukuma Ami mbele. Mzee yule asiyenyamaza, ambaye alitoka na kigari akapotea saa nzima bila kutuaga, akasogea taratibu mpaka mbele ya simu. Akavua kofia, akaivaa tena.

"Breki zashika?" ndilo lililomtoka.

"Sijajua," mama akajibu. "Sijasimama bado."

Akageuza kigari, akatuonyesha mgongo, akaenda zake kuelekea langoni, na muuguzi akaanza kumkimbilia na simu mkononi, picha inaruka juu na chini, tunaona mbingu, tunaona viatu, tunasikia tu vicheko vyao vikichanganyika na vyetu.